Baba Mdogo Hakufa kwa Risasi

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, naangalia ile shughuli kwenye TV mwanzo mpaka mwisho. Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua, mizinga inapigwa, viongozi wa dini wanaomba, na mimi naipenda ile shughuli, sitaki mtu anielewe vibaya, naona ni heshima na inastahili kuendelea. Ila kila mwaka nawaza kitu kilekile, kwamba hawa tunaowakumbuka hapa, ukienda kwenye familia zao ukauliza alikufaje, wengi watakwambia alienda na hakurudi, na hapo katikati wamejazia wenyewe. Na kinachojaziwa ni risasi. Karibu kila familia niliyoongea nayo ina risasi kwenye stori yake.

Kwetu pia ilikuwa hivyo. Tangu nikiwa mdogo ukiuliza baba mdogo yuko wapi unaambiwa alipigwa risasi Uganda kwenye vita vya Amini, basi, hakuna anayesema Uganda sehemu gani, mwezi gani, alikuwa na nani, nani alimzika. Mkubwa anayeulizwa anatafuta kazi ya kufanya na mazungumzo yanaishia hapo. Sisi watoto tukawa tunaongeza ya kwetu, binamu yangu mmoja alikuwa anasimulia mpaka shuleni kwamba baba mdogo alipigana peke yake usiku kucha kabla hawajampata, na kila akisimulia adui wanazidi kuwa wengi.

Nianze na yeye mwenyewe kwanza kabla ya vita, manake nimegundua hata hilo huwa tunaliruka, tunamwanza mtu siku aliyovaa gwanda kama vile alizaliwa siku hiyo.

Baba mdogo alikuwa mtoto wa mwisho wa bibi. Alikuwa na mikono ya ufundi, kitu kikiharibika anakifungua, anakitazama, anakirudishia. Redio ya babu alishaifungua mara nyingi mpaka babu akawa anaificha. Alishona viatu vya watu kwa sindano kubwa na uzi wa nailoni, hakufundishwa na mtu. Shangazi anasema alikuwa anacheka kwanza ndipo anaongea, yaani unasikia kicheko halafu ndio unajua anakuja kusema nini. Mwaka ule wa 1978 alikuwa amenunua baiskeli kwa mkopo kwa mzee mmoja pale kijijini, amelipa kidogo, iliyobaki aliahidi kumalizia baada ya mavuno, na pia alikuwa amemwahidi bibi kwamba ile nyumba ya nyasi itapata bati. Alikuwa kijana wa mgambo, kama vijana wengi wa wakati ule, wanafanya mazoezi jioni uwanjani kisha wanarudi shamba. Hakuna aliyefikiri yale mazoezi yatampeleka mtu mbali.

Wanaokumbuka wanajua jinsi ilivyokuja ghafla. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia Kagera, yakaua raia, yakaiba ng'ombe, yakavunja mashine, yakachukua eneo lote la kaskazini ya mto Kagera na Amin akatangaza kwamba sasa ni lake. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu akaongea na taifa mwanzoni mwa Novemba, na yale maneno hata sisi tuliozaliwa baadaye tunayajua kwa kichwa, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Jeshi letu lilikuwa dogo, halikuzidi watu elfu arobaini hivi, na ndani ya miezi michache likapanda mpaka zaidi ya laki moja, ikabidi wachukuliwe JKT, polisi, magereza, na mgambo kwa maelfu. Mabasi na malori ya watu binafsi yakachukuliwa kubeba askari. Baba mdogo akaondoka kwenye moja ya hayo malori. Shangazi anakumbuka alimwachia baiskeli akamwambia usimpe mtu, hata baba.

Barua ilikuja moja. Ilisomwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Hakuandika habari za vita, aliuliza kama bati zimepatikana, akauliza hali ya mguu wa babu, akasema huku kuna migomba mingi sijapata kuona, akasalimia watu kwa majina karibu ukurasa mzima. Kisha kimya. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, watu wakaimba barabarani, na vita vyenyewe vikafika mwisho Juni wakati jeshi letu limeshafika mpaka wa Sudan. Vijana wakaanza kurudi. Bibi alikuwa anatoka nje kila gari likisimama. Baadaye ikaja taarifa kwamba amefia Uganda akiwa kazini, na kwenye kijiji ambacho hakuna aliyewahi kumzika mtu bila kumwona, watu wakabishana hata kama waweke tanga au wasiweke, bibi alikataa, alisema silii mtu ambaye sijaoshewa. Alifariki akiwa bado hajakubali. Ile baiskeli aliimalizia kuilipa yeye, kwa kuuza kuku na karanga, na mwenye baiskeli alimwambia mama acha tu, akasema hapana, mwanangu akirudi asikute deni.

Nilianza kutafuta habari zake nikiwa mtu mzima. Sikuwa na mpango wowote wa maana, nilikuwa nauliza tu kila nikikutana na mzee aliyepigana, na kwenye misiba huwa unakutana nao, wanakaa pamoja pembeni, wanatambuana hata kama hawajawahi kuonana. Msibani mmoja nikaelekezwa kwa mzee wa mkoa mwingine kabisa ambaye alikuwa kwenye kombania iliyochukua mgambo wa upande wetu. Nikamfuata. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukaongea ya mashamba na mvua kwanza, halafu nikamtajia jina la baba mdogo. Akakaa kimya akafikiri, akasema majina mengi yameshanitoka, huyo alikuwaje? Nikasema alikuwa fundi, anashona viatu. Mzee akanyanyua kichwa akasema, yule wa baiskeli!

Sikuwa nimemwambia habari ya baiskeli.

Akasema yule kijana alikuwa kila siku anasema nikirudi kuna mzee ananidai, wakawa wanamtania kwamba Amin tutamwacha, tukukimbize wewe ukalipe kwanza deni. Alikuwa anawashonea wenzake buti, sindano ameificha kwenye kofia. Mzee alisimulia mambo ya yule mtu mpaka nikawa namwona, jinsi alivyokuwa anagawa sigara ingawa yeye havuti, jinsi alivyoogopa sana radi kuliko mizinga, kwamba alikuwa na sauti mbaya na anapenda kuimba. Nilikuwa naandika mkono unauma. Ndipo nikauliza lile lililonipeleka pale, alipigwa wapi?

Mzee akasema hakupigwa. Lilikuwa lori. Walikuwa wanaelekea Masaka, Uganda, usiku, mvua, wanatembea bila taa ili wasionekane, barabara imekatwakatwa na vifaru vilivyotangulia, lori likaacha njia likapinduka, na baba mdogo alikuwa upande uliolaliwa. Yeye na wenzake wawili. Mzee mwenyewe alivunjika mkono kwenye ajali hiyohiyo, akanionyesha, haujanyooka mpaka leo. Asubuhi waliwazika palepale karibu na barabara kwa heshima zote walizoweza, na yeye anaamini baadaye walihamishiwa Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na mwenzake aliyebaki kwenye utumishi.

Nilirudi nyumbani na ile habari nikiwa sijui niifanye nini. Nikamwambia shangazi kwanza. Hakulia. Aliuliza swali moja, alikufa palepale au aliteseka? Nikamwambia mzee amesema palepale, hakuongea hata neno. Akavuta pumzi ndefu akasema miaka yote hii nikifumba macho namwona amelala porini peke yake damu inamtoka na anamwita mama, na hakuna mtu. Kumbe alikuwa na wenzake. Kumbe walimzika asubuhi. Akarudia hilo la wenzake mara kadhaa. Yaani sisi tulidhani ile risasi ndio ilikuwa inampa heshima, kumbe kwake ilikuwa ndoto mbaya ya kila usiku na hakuwahi kumwambia mtu.

Baba yangu ikawa tofauti kabisa. Alikasirika. Akasema usiende kuwaambia watu hivyo. Nikamuuliza kwa nini, akasema mdogo wangu alienda kupigania nchi, leo unakuja kuniambia alikufa kama abiria? Hilo neno abiria liliniuma na nikaelewa pia, kwa sababu baba ndiye aliyesimama miaka yote kijijini akisema mdogo wangu alitoa damu yake kwa ajili ya Tanzania, na kwa fikra zake lori linafuta hiyo sentensi. Hatukugombana, ila tulikaa muda mrefu tukiwa hatuligusi. Na ni hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa kweli, nikitaka kujua kama baba mdogo alikuwa peke yake kwenye kufa kwa namna ile.

Hakuwa peke yake hata kidogo.

Hesabu ambayo wanahistoria wanaitaja sana kuhusu askari wetu waliokufa kwenye vita vile ni 373, na kati yao waliouawa na adui moja kwa moja ni 96. Soma tena hiyo. Maana yake zaidi ya askari 270 waliondoka duniani kwenye vita vile bila adui kuwapata, kwa mambo kama ajali. Na hapo sijagusa raia wa Kagera, wanaokadiriwa kufika 1,500, waliouawa wakiwa nyumbani kwao, ambao hawakuwa na bunduki wala gwanda na hakuna anayewaita kwa cheo chochote. Ukifikiri vizuri ni kitu kinachoeleweka. Unachukua makumi ya maelfu ya vijana, wengine hawajawahi kutoka wilayani kwao, unawabeba usiku kwa malori kwenye tope, wanalala kwenye mahandaki yenye maji, wanakunywa maji wanayoyakuta, wanabeba mabomu ambayo mafunzo yake wamepata wiki chache. Vita ni hayo yote. Risasi ni sehemu yake mojawapo na mara nyingi wala siyo kubwa.

Na ukirudi nyuma zaidi ndio unaona wazi kabisa. Babu alikuwa akisema baba yake mzazi alichukuliwa na Waingereza kubeba mizigo kwenye vita ya Wajerumani, na yeye babu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, hakumjua baba yake kwa sura. Wale wapagazi, Waingereza peke yao walichukua karibu milioni moja katika Afrika Mashariki na nchi za jirani kati ya 1914 na 1918, kwa sababu farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo na barabara hazikuwepo, kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipanda kwenye kichwa cha mtu. Idadi rasmi ya waliokufa upande wa Waingereza ni kama 95,000, na watafiti wengi wanaona ni ndogo kuliko ukweli. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi, njaa, uchovu. Kuna watu waliokuwa wamezoea ndizi au viazi wakapewa unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, kuni zimelowa, muda hakuna, matumbo yakawaua. Wajerumani nao walikuwa wanakamata watu vijijini wakiwafunga kamba wasitoroke. Vita ile iliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918 lakini huku Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa hajapata habari, alizipata siku chache baadaye, akaja kusalimisha silaha tarehe 25 mwezi huohuo, Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, yaani silaha ziliwekwa chini wiki mbili baada ya makubaliano ya kusimamisha vita kusainiwa.

Pale katikati ya Dar, kwenye ile sanamu ya askari iliyosimikwa 1927, kuna maandishi ya Kiswahili na Kiingereza yanayowataja askari na pia wapagazi, yanasema hao wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba mtu akifa kwa ajili ya nchi yake wanawe watalikumbuka jina lake. Nimesimama pale nikasoma yote. Majina hakuna. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote au hawakukumbukwa kabisa, wakati askari Mzungu aliyekufa kwenye ardhi hiihii alipewa jiwe lenye jina, namba na tarehe. Ripoti inaonyesha halikuwa suala la kusahau tu, kuna maofisa wa kikoloni waliokaa wakaamua kwamba Waafrika hawatajali mambo ya makaburi, na kwamba yale makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Wakaomba radhi, serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni mwezi huohuo wa Aprili. Nashukuru waliomba. Ila bado nina hasira, na nadhani nina haki nayo, kwa sababu babu alikufa akiwa anataja jina la baba yake kwenye kila maombi, mtu asiyejua kusoma, na kuna ofisa alikaa mezani akaandika kwamba watu kama babu hawatajali.

Vita ya pili ya dunia sina ndugu aliyefia huko kwa hiyo nitapita haraka, lakini kuna meli moja inanikaa kichwani. Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500, wengi ni askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wanaopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma, na pia wauguzi wanawake. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaipiga karibu na Maldives, ikazama kwa dakika mbili hivi. Karibu watu 1,300 walikufa. Hawakuwahi kuiona Burma, na nafikiri wengi wao hawakuwahi kuona bahari kabla ya safari ile. Sijui baba yangu angesema hao nao ni abiria.

Hilo swali nililiweka hivyohivyo mbele yake siku moja, kwa adabu. Hakunijibu.

Sasa nije kwa rafiki yangu, ambaye ndiye hasa aliyenifanya niandike haya leo. Sitamtaja jina wala nchi aliyokuwa, familia yake bado ina jeraha. Tulisoma pamoja sekondari, akaenda jeshini, akapelekwa misheni ya kulinda amani. Tulikuwa tunatumiana voisi usiku, analalamika kuhusu joto na chakula cha makopo, anauliza matokeo ya mpira. Aliumwa huko, homa ambayo mwanzoni haikuonekana kubwa, wakamhamisha hospitali, akafia huko. Mwili ulikuja na bendera, akazikwa kijeshi, risasi tatu hewani, tarumbeta, kila kitu.

Na pale msibani watu walikuwa wanauliza. Wanauliza kwa nia njema kabisa, kijana alipigwa? Kulikuwa na mapigano? Na mama yake anajibu hapana, aliumwa, na unaona uso wa anayeuliza unashuka kidogo, kama vile msiba umepungua uzito. Yule mama aliona kila mara. Mpaka siku ya tatu alikuwa ameacha kujibu, dada wa marehemu ndiye anajibu, na yule dada akaanza kusema tu "alikufa kwenye mapambano" kwa sababu amechoka. Nikaona kwa macho yangu stori ya risasi inavyozaliwa. Haizaliwi kwa uongo wala kwa kujisifu. Inazaliwa kwa uchovu wa watu waliofiwa, wanaotaka mgeni aache kushusha uso.

Desemba 2017 askari wetu 14 walipouawa kwenye kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini kule Kongo, nchi nzima ililia na ilistahili kulia, walipigana saa nyingi wakiwa wamezingirwa. Sichukui chochote kwao. Ninachosema ni kwamba tangu Umoja wa Mataifa uanze kupeleka walinda amani mwaka 1948 wameshakufa zaidi ya 4,000, na ugonjwa na ajali vimechukua wengi kuliko mashambulizi. Rafiki yangu ni mmoja wao. Alikwenda alikotumwa, akaugua kwa sababu alikuwa kule, asingekwenda angekuwa hapa ananisumbua na mpira. Mimi sioni tofauti ya heshima kati yake na aliyepigwa, na simwelewi anayeiona.

Voisi zake bado ninazo. Nimezihamisha kwenye kompyuta na kwenye flashi nyingine, nikampa mama yake nakala, na kuna moja anacheka mpaka anakohoa, hiyo mama yake ameniomba nimwekee ianze ya kwanza. Baba mdogo hakuacha sauti. Ana picha moja ndogo ya kipande, ya kitambulisho, uso mkavu kama picha zote za wakati ule, haionyeshi kabisa kwamba ni mtu wa kucheka kwanza. Kwa hiyo kwa baba mdogo tulichonacho ni yule mzee na mkono wake uliopinda.

Ndiyo maana nasisitiza wazee waulizwe sasa. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia miaka 70. Jenerali Musuguri, aliyeongoza jeshi mpaka Kampala, na ambaye ujanani alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapelekwa Madagascar kwenye vita ya pili, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na yeye alikuwa mtu wa kuhojiwa na waandishi, ameacha maneno. Koplo na mgambo hawajahojiwa na mtu. Ukimpata usimuulize uliua wangapi, hilo linamfunga mdomo, na hata kama ataongea atakupa kile anachodhani unataka. Mimi nimeona wanafunguka ukiwauliza mlikuwa mnakula nini, nani alikuwa anawachekesha, mlilala wapi siku ya mvua, kikosi chenu kilikuwa namba ngapi, kamanda wa platuni alikuwa nani. Hapo majina ya marehemu yanakuja yenyewe, na yanakuja na tabia zao. Mwache arudie. Kama kuna cheti, nishani, barua ya jeshi, namba ya utumishi, piga picha, manake watoto wakihama nyumba vitu hivi ndio vya kwanza kutupwa.

Na akikwambia ni lori, au homa, au alizama mtoni, au alilipukiwa na bomu la mwenzake, liandike hivyohivyo lilivyo. Kama kwenye familia kuna mtu haliwezi kwa sasa, mpe muda, usilazimishe. Baba yangu alichukua muda. Mwaka jana tukiwa na wageni mmoja akauliza kuhusu ile picha ukutani, nikanyamaza kusubiri risasi, na baba akasema huyo ni mdogo wangu, alikuwa fundi sana, lori lao lilipinduka wakielekea Masaka, mwaka sabini na tisa, vita vya Amini. Kisha akaendelea kwenye habari ya baiskeli na deni, akaisimulia yote, na wageni wakacheka pale pa kuchekwa.

Shangazi anataka kwenda Kaboya. Tunapanga, magoti yake yana shida na ni safari ndefu, na kuingia eneo la jeshi kuna utaratibu wake, ila ameshaamua na nauli ameanza kuweka mwenyewe. Hajali sana kama jina litaonekana au halitaonekana, anasema atasalimia wote.

Kuna wale wawili waliokufa na baba mdogo kwenye lori. Niliporudi kwa yule mzee mara ya pili nilimuuliza habari zao, akanipa alichonacho. Mmoja alikuwa wa upande wa Songea, mrefu, anatumia mkono wa kushoto, amewahi kufundisha elimu ya watu wazima na alikuwa anawaandikia barua wenzake wasiojua kuandika, huenda hata ile barua yetu mwandiko ni wake. Wa pili alikuwa mfupi, mtu wa Mara, mcha Mungu, alipata mtoto wa kike mwezi uleule alioondoka nyumbani na alikuwa hajaambiwa jina alilopewa. Huyo binti sasa ana zaidi ya miaka arobaini na nafikiri naye amekua akiambiwa ni risasi. Kama ni wewe, au unamfahamu, barabara ilikuwa ya kwenda Masaka, usiku wa mvua, mwaka 1979, na alikuwa anakuongelea. Mzee aliyekuwa naye bado yupo hai na kumbukumbu zake ziko sawa.